Mabwawa Mawili na Kisima cha Dada

Ukitaka kujua pupa ni kitu gani, mtazame mwenye kiu anapoyaona maji yakimpita mbele ya macho. Hapo hata mtu mzima hugeuka mtoto. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba anayelivamia jambo kabla ya wakati wake hulikosa lile zuri lililokuwa likimngoja.

Mvua ilishuka asubuhi, baada ya miezi minane ya jua kali. Fundi wa mabwawa, binti aliyemaliza chuo mwaka uleule, alisimama kando ya mfereji ulioleta maji kutoka mlimani. Mbele yake palikuwa na mabwawa mawili, kila moja na lango lake la chuma. Hayakuchimbwa ili maji yakae juu. Chini ulitandazwa mchanga, maji yazame polepole hadi kule visima vinakochota. Kisima cha dada yake, hatua mia mbili kutoka pale, kilikuwa kikavu kama unga. Mume wa dada alikuwa ameshatamka: kisiporudi msimu huu, wanahama.

"Shemeji, fungua," alisema mume huyo, jembe begani. "Maji yanapita, sisi tunayaangalia kama msafara wa harusi."

"Bado machafu, shem. Tope likiingia litaziba mchanga."

"Tangu lini kiu ikachagua?"

Fundi aliinama mferejini. Alichota maji kwa chupa, akaweka kitambulisho chake nyuma ya chupa. Chuoni walifundishwa hivyo: maandishi yakisomeka, ndipo unafungua. Alichokiona ni chai ya maziwa.

"Unatafuta sura yako humo?" shemeji akamtania. "Uzuri wako tunaujua. Fungua."

Dada, aliyesimama kando yao, alitaka kucheka, akashindwa.

Mara mvua ikakatika, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Shemeji akaishiwa uvumilivu. Alilivamia lango la bwawa la kwanza, akazungusha gurudumu hadi mwisho. Maji mekundu yakaporomoka kwa kishindo, majirani waliokusanyika wakapiga makofi. Fundi alikimbilia lango la pili, akaliegemea kwa mgongo, na papo hapo akajiona mjinga. Maji ya mfereji yalikuwa yakishuka, kutoka kiunoni kuelekea gotini. Je, kama ni yeye aliyekosea? Je, kama mambo ya chuo ni ya vitabuni tu? Akachota. Chai. Akachota tena. Chai iliyopungua majani.

"Mdogo wangu," dada alimwambia taratibu, "nyumbani zimebaki ndoo tatu."

"Najua, dada. Nipe kidogo."

"Kidogo chenyewe ndicho hicho kinachopita."

Angefungua saa ile, nani angemlaumu? Alichota mara ya saba kwa haraka, hadi kitambulisho kikamponyoka. Alikiokota, akakifuta, akakiweka nyuma ya chupa. Herufi zikajitokeza moja moja, kisha pua yake pichani. Akafungua.

Yaliyoingia hayakufika hata magotini.

"Hayo ya kunawia," shemeji alisema, na majirani wakaondoka wakitikisa vichwa.

Kesho yake mchana, mchanga ulikuwa umeyanywa yote. Vijito vya mlimani vikaendelea kuchuruzika maji safi siku nne, na kila yalipoingia, mchanga uliyanywa. Bwawa la kwanza lilibaki limejaa, liking'aa, na shemeji alitamba nalo. Lakini maji yake hayakuzama. Tope lilikuwa limetanda chini likawa kama kigae, na jua likayanyonya maji mpaka tone la mwisho.

Fundi hakulala vizuri hata siku moja. Siku ya kumi na mbili, dada alishusha ndoo kisimani kwa mazoea tu. Kamba ikalegea mapema. Alipovuta, ndoo ilikuwa nzito. Hakumwita mtu. Aliibeba hadi bwawa la kwanza, ambako mumewe alikuwa amepiga magoti akikwangua tope gumu kwa jembe.

Mume alikunywa, akafuta mdomo, akamgeukia fundi aliyekuwa kwenye lango la pili.

"Shemeji, hebu nifundishe kusoma hiyo chupa."

Bwawa alilolifungua yeye halikumpa hata tone. Maji aliyoyanywa yaliletwa na subira ya mwingine. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.