Wa Kwanza Kutoka

Hapo zamani za kale, runinga zilipokuwa bado na chogo na wanyama walipokuwa bado na adabu ya kubisha hodi, Bi Nungunungu alikuwa na pango la gemu. We uliye nyuma, toa kidole puani usikilize.

Gemu yenyewe ilikuwa ya maroboti, majitu ya chuma yanayotwangana mpaka moja lilale. Padi za kuchezea zilikuwa nne na wachezaji wanne, wote wapangaji wa pango. Mzee Ndovu alicheza na Jabali, lenye mizinga miwili mabegani na miguu kama vinu. Kifaru alicheza na Tindo, lenye pembe ya kuzunguka, nguruu! nguruu! Nyati alicheza na Kishindo, na jina linatosha.

Na Pimbi, yule mdogo wa mwambani ambaye hata mkia alinyimwa? Aliachiwa Kisoda. Kisoda kilikuwa kifupi, mkono mmoja, na mkononi kinyundo cha kugongea misumari.

Wakubwa hawakupigana wao kwa wao. "Wakubwa huamkiana, hawatwangani," alisema Ndovu. Basi walimtwanga Pimbi kwa zamu. Pu! Kisoda chini. Haya, mwingine. Pu!

Pimbi hakulia. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza.

"Shikamoo, Mzee Ndovu. Huo mstari mwekundu pembeni ya Jabali ni wa nini?"

"Mstari gani?"

"Huo unaopanda kila ukipiga mzinga."

"Pambo."

"Mbona ukipiga miwili unapanda mara mbili?"

"Basi ni pambo kubwa! Cheza, kipande cha mtu!"

Swali likamkwama Pimbi kooni kama mwiba wa samaki. Akamwangalia Ndovu anavyocheza. Ndovu hakubonyeza vitufe, alivikanyaga. Vyote! Kwa mpigo! Mizinga, mateke, mabomu, kila kitu kilitoka pamoja, pu, na Kisoda kililala kabla mstari haujafika juu. Je, ukifika juu? Hakuna aliyewahi kuona. Pimbi alitamani kuona kuliko alivyotamani chakula.

Siku moja wingu likatanda. Bi Nungunungu alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Akanusa upepo, miba ikamsimama.

"Masika hayo," akasema. "Huko mwisho wa pango kutajaa maji kama kila mwaka. Nafasi haitoshi. Mmoja wenu atatoka, na asirudi mpaka mvua ziishe. Nani, amueni wenyewe."

Nyuma ya runinga, pale chogo linapotoa joto, mke wa Pimbi alikuwa amelala na mapacha wa siku tatu. Akitoka Pimbi, wanatoka wote, na mvua ya masika haiulizi nani ana watoto.

"Rahisi," alisema Kifaru. "Tuyapange maroboti kwa nguvu. Mwenye roboti dhaifu atoke."

"Yaandikwe!" alisema Nyati. "Maneno ya mdomo huliwa na upepo."

"Na kila mtu aweke unyayo wake," alisema Bi Nungunungu bila kuinua macho. "Nyumbani kwangu, uliyekanyaga umekubali. Sitaki kelele baadaye."

Nani ataandika? Wale watatu wakatazama juu, wakatazama chini. Shule walikuwa wameipita ugani tu, wakienda kula mahindi ya mwalimu. Ndovu alijua kusoma tarakimu, na hizo mpaka tano.

"Andika wewe, Pimbi," akasema. "Una vidole vya panya."

Bi Nungunungu akachomoa mwiba mmoja mgongoni, akamkabidhi. Pimbi akachukua kipande cha boksi, akachovya mwiba kwenye masizi ya sufuria. Alifikiri kidogo, halafu juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa.

"Hapo umeandika nini?" akauliza Ndovu.

"Nimeandika 'Wa kwanza kutoka', Mzee."

"Kutoka wapi?"

Pimbi akaweka kidole ukingoni mwa boksi, huku juu, upande ulioelekea mlango.

"Kutoka hapa, Mzee."

"Ahaa. Wa kwanza ni mimi!"

"Wewe nani?" Kifaru akafoka. "Wa kwanza ni Tindo! Tindo linatoboa mlima!"

"Litoboe pua yako! Wa kwanza ni Jabali!"

"Mimi je?" Nyati akapiga kwato, kwa! kwa! "Mimi nitakuwa wa tatu mpaka lini?"

Walibishana mpaka mihogo ikaisha kumenywa. Mwisho Ndovu akamkalia Kifaru kidogo tu, na hoja ikaisha. Ndovu wa kwanza, Kifaru wa pili, Nyati wa tatu.

"Na mimi, wazee wangu?" Pimbi akasema kwa sauti ya yatima. "Msiniweke mwisho. Niwekeni hata wa tatu."

"Mwisho!" wakanguruma wote. "Mwisho kabisa! Piga na mstari chini yake!"

Pimbi akapiga mstari. Alipiga miwili.

"Isomeni kwa sauti kabla hamjakanyaga," alisema Bi Nungunungu.

Pimbi akasoma, polepole, kila neno. "Wa kwanza kutoka, Ndovu. Wa pili kutoka, Kifaru. Wa tatu kutoka, Nyati. Wa mwisho kutoka, Pimbi."

"Mmesikia?" akauliza bibi yule.

"Tumesikia!"

"Mmeelewa?"

"Kwani sisi watoto?" Wakachovya miguu kwenye masizi, wakakanyaga. Pa! Pa! Pa! Boksi nusura litoboke. Pimbi akamalizia na kaunyayo kake, pa.

Mvua ikaanza. Tone la kwanza lilimwangukia Ndovu sikioni.

"Haya, Pimbi," akasema. "Kusanya mke na vifurushi vyako. Toka."

"Subiri kwanza," alisema Bi Nungunungu. Akaliokota boksi, akalisoma kama hakimu. "Wa kwanza kutoka, Ndovu. Mlango ule pale, Mzee. Inama, usinibomolee."

Kifaru akaanza kucheka, hi hi hi, mpaka akakumbuka yeye ni wa pili.

"Huo ni ulaghai!" Ndovu alipiga baragumu, vumbi likashuka darini. "Tulipanga nguvu! Mwenye roboti dhaifu ndiye atoke!"

Lile swali lilikuwa bado kooni mwa Pimbi, na sasa njia ilikuwa wazi.

"Kweli, Mzee. Basi tuiulize gemu. Tuingie wote wanne kwa pamoja, kila mtu na lake. Roboti litakaloanguka la kwanza, mwenyewe atoke. Likianguka la kwangu, naondoka na wanangu sasa hivi."

"Kwa pamoja?"

"Au Mzee anaogopa?"

Ndovu akaikanyaga padi. Vyote! Kwa mpigo! Mizinga, pu! Mabomu, pu! Tindo likayumba, likasimama. Kishindo likapiga goti, likasimama. Kisoda kilikuwa kimejibanza nyuma ya jiwe, hakuna aliyekikumbuka. Macho ya Pimbi yalikuwa kwenye mstari mwekundu. Ukapanda. Ukapanda. Ukafika juu.

Pssssss!

Jabali likatoa moshi masikioni, likaganda kama sanamu.

"Linafanya nini?" Ndovu akapiga kelele, anakanyaga, anakanyaga. "Piga! Piga, we chuma!"

"Limechoka kwa joto, Mzee," Pimbi akanong'ona, na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefunuliwa chungu. "Kumbe ndiyo maana yake!"

Kisoda kikatoka nyuma ya jiwe, tiki-tiki-tiki, kikafika miguuni pa Jabali. Kinyundo: ko. Kinyundo: ko. Kinyundo: ko! Jitu zima likaenda chini, tinginyaaa!

Bi Nungunungu akainua boksi. "Wa kwanza kutoka, Ndovu. Kumbe hata gemu inajua kusoma."

Ndovu akainama, akatoka. Masika yote alisimama nje, jicho moja limebandikwa kwenye tundu la dirisha, akiangalia wenzake wakicheza, maji yakimchuruzika mkongani. Mapacha wa Pimbi walifungua macho kwenye joto la chogo.

Na Kifaru, siku ya pili tu, alisogea karibu na Pimbi, akakohoa, akatazama kando.

"Samahani, bwana mdogo. Kale kamstari kekundu… hebu nieleze tena."

Nanyi wajukuu, mkisikia mtu anagombea kuwa wa kwanza, mwambieni aulize kwanza: wa kwanza wa nini?