Mikuki ya Mtemi Lugusha

Walikuwepo Mtemi Lugusha wa ng'ambo ya mto na askari wake thelathini; na upande huu, Mhoja na Masele, ndugu waliopigania kiti cha marehemu baba yao, na Nyamizi, mke wa mhunzi.

"Nimekuja kumsaidia Mhoja vita," alisema Lugusha. "Kisha nitabaki niwalinde."

Nyamizi alijua mlinzi huyo hangeondoka tena.

"Karibu, baba! Ila kwetu mgeni haingii kula na mkuki. Tupeni tuwatunzie."

Wakala kuku siku mbili, nyundo ikilia kwa mhunzi.

Siku ya tatu Nyamizi aliwakabidhi Lugusha na askari wake majembe.

"Mikuki yetu iko wapi, we mwanamke?"

"Si ndiyo hiyo, baba? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mhoja na Masele wamepokezana mvukuto ikifuliwa, masikini, mpaka mikono imewachubuka."

Nyuma ya Nyamizi ndugu wale walisimama bega kwa bega, na mikuki yao wenyewe.

Mwaka ule, ng'ambo ya mto, mtama ulistawi sana.