Mizigo Kumi na Mmoja ya Nchi Pana

Nije nisije?

— Njoo!

Nije na nini?

— Na uongo wako!

Nikiusahau njiani?

— Rudi ukauchukue!

Basi sogeeni. Palikuwa na mlima wa mawe matupu. Ndani ya mlima palikuwa na pango, na ndani ya pango palikuwa na chemchemi. Mvua ilipogoma mwaka wa kwanza, ikagoma na wa pili, hayakubaki maji mengine upande ule isipokuwa hayo.

Fisi akaja. Akauangalia mlango wa pango, akauona mwembamba. Akainamisha mabega, kwaruu, kwaruu, akaingia. Akageuka, akalala pale mlangoni, kichwa nje, matako ndani.

"Kuanzia leo mniite Mheshimiwa," akasema. "Na anayetaka maji alete cha kutafuna."

Kanga akaleta mayai yake, akanywa. Nungunungu akaleta mihogo, akanywa. Swala hakuwa na kitu, akaleta mfupa wa paja la marehemu babu yake, akanywa huku analia. Pimbi akaleta panzi wakavu, kesho yake akaleta kipande cha ngozi, kesho yake tena akaja mikono mitupu.

Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia. Alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho aliitwa Chembe, na ulimi wa Chembe ulikuwa umekauka kama jani la mgomba.

"Leo umeleta nini, kifupi?" Fisi akauliza.

"Leo sina kitu, Mheshimiwa."

"Una watoto watatu."

Pimbi akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe una watoto watatu, mimi mwenzio hata kitoweo sina. Ndiyo haki hiyo? Huyo mdogo umlete. Nakupa siku saba, maana mimi si katili. Maji ya siku hizo saba nakukopesha. Kunywa, na wanao wanywe, wasije wakakonda."

Pimbi akanywa, akawapelekea watoto. Hakulia. Alikaa juu ya jiwe akafikiri: huyu ana meno, ana mabega, ana maji. Hana nini? Akafikiri mpaka jua likageuka. Akaona kwamba Fisi hana kitu kimoja tu: hana kutosheka.

Asubuhi akajitwika kifurushi kidogo, akapita mbele ya pango bila kusimama. Tipu, tipu, tipu.

"We! Unakwenda wapi na hujaomba maji?"

"Nimekuja kuaga, Mheshimiwa. Naondoka. Yule mtoto nitamwacha kwa Nungunungu, siku ikifika utamchukua pale."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Nchi Pana."

Fisi akainua sikio moja. "Ndiyo wapi huko?"

"Mbali. Ni nchi kubwa, Mheshimiwa, kubwa mpaka inachosha. Ukimwita mwenzako aliye upande wa pili, sauti inamfikia keshokutwa. Ng'ombe wa kule hufa kwa uzee, kwa sababu mchinjaji bado yuko njiani. Na mifupa imetapakaa tu, hakuna wa kuiokota. Nchi kubwa, fisi wachache."

Udenda ukaanza kumtoka Fisi, tiri, tiri, tiri.

"Na wewe, kijitu usiye na mkia, mifupa utaitafunia nini?"

"Ndiyo hilo linalonisumbua," akasema Pimbi.

"Nitakwenda mimi."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Nchi ile haiendwi hivi hivi. Inataka maandalizi."

"Basi niandae! Unasimama nini?"

Mlimani pale aliishi Korongo, ndege wa miguu mirefu, ambaye kila mwaka huenda ng'ambo na kurudi. Akirudi hana mazungumzo mengine. Mkizungumza habari ya chura, atawaambia vyura wa kule. Mkimzika mtu, atawaambia kule wanavyozikwa. Pimbi hakuhitaji kumpa kitu wala kumfundisha uongo. Alimwambia tu, "Mzee, Mheshimiwa anasafiri, anaomba ushauri," naye Korongo akaja mbio kabla hajamaliza.

"Nchi Pana!" akasema. "Sisi tulioishi kule ndio tunaoijua."

"Ni kweli mifupa imetapakaa?" akauliza Fisi.

Korongo miaka yote aliyokwenda hakuona mfupa hata mmoja. Alikuwa anatazama vyura. Lakini aliyeishi ng'ambo hawezi kusema hajui.

"Imetapakaa mpaka kero," akajibu.

Siku ya kwanza ya maandalizi ilikuwa ya chanjo. Nungunungu akaitwa. Chomo! "Uwii! Hii ya nini?" "Ya homa ya njiani." Chomo! "Uwii! Na hii?" "Ya homa ya kufika." Chomo! "Na hii je?" Nungunungu akafikiri, akakumbuka mihogo yake. "Hii ni ya kurudi," akasema, akaichoma ndani zaidi.

Siku ya pili ilikuwa ya adabu. "Kule hakuchekwi ovyo," akasema Korongo. "Mtu akicheka peke yake njiani, wanamfunga. Wala usimsalimie usiyemjua, atadhani unataka kitu chake." Fisi akajizoeza kutocheka, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, mlima mzima ulilala.

Siku ya tatu ilikuwa ya cheti. Fisi akakanyaga tope ili unyayo wake ukauke, uwe kitambulisho. "Huo umeinama. Rudia," akasema Korongo. Akarudia. "Huo una kivuli. Rudia." Akarudia. "Huo mzuri, lakini umecheka." "Unyayo unachekaje?" "Sisi tulioishi kule tunajua. Rudia."

Siku ya nne akashonewa koti kwa ngozi za kondoo aliokwisha kuwala, zilizokuwa zimerundikana pangoni. Siku ya tano akaambiwa baridi ya kule hupasua midomo, apakwe mafuta ya mkia wa kondoo. Akalitoa donge lake mwenyewe kutoka ndani. Pimbi akampaka pole pole, pua, midomo, masikio. Lililobaki akalibana kwapani, akaenda nalo.

Siku zote hizo Fisi hakutoka mlangoni. Chanjo mlangoni, adabu mlangoni, koti mlangoni.

Siku ya sita akauliza, "Na chakula cha njiani?"

"Hicho hakiandaliwi, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Kuna mizigo ya watu."

Hapa nieleze, maana watoto wa siku hizi hawajui. Desturi ya mlima ule ilikuwa hivi. Mtu akisafiri mbali, kila mwenye ndugu huko humpa mzigo ampelekee, na msafiri hakatai. Mwenye mzigo huufunga mwilini mwa msafiri kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Msafiri akiutua kabla hajavuka mto, basi hasafiri, na mwenye mzigo huchukua chake. Na anayefungua mzigo wa mtu hasamehewi, wala hasalimiwi tena, awe nani.

"Mizigo ina nini?" akauliza Fisi.

"Nijuavyo, watu huwapelekea ndugu zao nyama kavu."

"Watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Fisi akalamba midomo. Mkia ukapiga ukuta, pwa, pwa.

"Na ikitokea, tuseme, msafiri ameingia ndani mara moja? Amesahau kitu?"

"Nani atathubutu kumfuata Mheshimiwa ndani?"

"Na huko ndani tumbo likimshika, safari ikaahirishwa?"

"Tutamwombea apone."

"Basi waambie waje kesho," akasema Fisi, na kicheko kikamponyoka, hii, hii, hii, akakimeza.

Pimbi akashuka mlima mbio. Alijua sasa kwamba Fisi hasafiri. Atavuta mizigo ndani, ataila, na jioni atamdai Chembe.

"Hasafiri," akawaambia wenzake.

"Sasa tumfungie mizigo ya nini?" akauliza Kanga.

"Fungeni mikubwa," akasema Pimbi.

Wakafunga. Waliosimulia zamani kwetu walisema kumi na mmoja, na shangazi mmoja alikuwa akisema kumi na wawili, lakini alihesabu na kifurushi cha Pimbi cha siku ya kwanza, nacho si haki kukihesabu. Ndani waliweka mawe. Nje walizungusha majani, magome na mikeka mibovu. Pimbi akapita na lile donge la mafuta, akaupaka kila mzigo mpaka ukanukia karamu.

Siku ya saba wakapanda wote. Wakasimama kwenye jiwe bapa, hatua tatu kutoka mlangoni, wakaimba:

*Nenda, Mheshimiwa, nenda,*
*Nchi Pana inakungoja.*

"Leteni mizigo hapa," akasema Fisi.

"Tunaogopa, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Hatua tatu tu."

Harufu ikamfikia. Tiri, tiri. Fisi akainamisha mabega, kwaruu, kwaruu, akatoka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Swala akamfunga mzigo ubavuni. "Huu wa mjomba wangu." Kanga akamfunga ubavu wa pili. "Huu wa dada yangu." Nungunungu akamfunga juu ya mgongo. "Huu wa shemeji, usiutikise." Mmoja akafunga, mwingine akafunga, mwingine akafunga. Wa mwisho alikuwa Pimbi. Mzigo wake ulikuwa wa mafungu mawili, kama shogi ya punda, moja huku na moja kule.

"Mzito huu," Fisi akaguna.

"Ni minofu, Mheshimiwa. Mifupa tuliona utaikuta kule."

Fisi akafumba macho kwa furaha. Kisha akajishika tumbo. "Aa, nimesahau kitu ndani. Narudi sasa hivi."

Akaukabili mlango. Gu! Mzigo wa Swala ukagota. Akajipindua. Gu! Mzigo wa Kanga ukagota. Akajaribu kinyumenyume. Gu! Shogi ya Pimbi ikagota pande zote mbili.

"Utue mmoja, Mheshimiwa," akasema Pimbi kwa upole.

"Akiutua wangu nauchukua," akasema Swala.

"Na wangu," akasema Kanga.

"Na wangu," akasema Nungunungu. "Desturi."

Fisi akanusa wa Swala: hapana, huu siuachi. Akanusa wa Kanga: huu siuachi. Akanusa wa Nungunungu: huu ndio siuachi kabisa. Akaunusa mlango. Maji hayana harufu.

Alipokuwa bado ananusa, Pimbi akapita kati ya miguu yake, akaingia pangoni. Watoto wake wakapita nyuma yake, mmoja, wawili, na Chembe. Kutoka ndani ikasikika kwapu, kwapu, kwapu, mtoto anakunywa bila kuogopa.

"Nani yuko ndani kwangu?" Fisi akanguruma.

"Mlinzi," sauti ya Pimbi ikatoka. "Si unasafiri? Nyumba haiachwi tupu. Au husafiri, watu wachukue mizigo yao?"

Wote wakamtazama. Fisi akayatazama macho yale, akaitazama mizigo ile. Akafikiri: nivuke tu mto, nile vyote, halafu nirudi nimle na mlinzi.

"Nani kasema sisafiri?" akajibu. Akashuka mlima, kutu, kutu, kutu, watu wakimwimbia na kupunga. Korongo alikuwa anafuta machozi ya kweli.

Akavuka mto mkavu. Akavuka na kilima, asionekane. Akafungua mzigo wa Swala: jiwe. Labda Swala ni mchoyo. Akafungua wa Kanga: jiwe. Labda na Kanga. Akafungua yote kumi na mmoja, na wa kumi na mmoja ulikuwa na mawili.

Akageuka kwa hasira arudi. Akapiga hatua tano, akasimama. Arudi aseme nini? "Mmenipa mawe"? Amejuaje ni mawe? Amefungua mizigo ya watu! Na aliyeagwa na mlima mzima, kwa nyimbo, na koti, anarudije siku ile ile mikono mitupu? Akasimama pale mpaka jua likazama. Kisha akayafunga mawe tena, moja moja, akajitwika, akaendelea mbele.

Huku nyuma wakajenga ukuta mlangoni, wakaacha tundu la kupita pimbi. Wakubwa wakateka nje kwa kata, Pimbi akiwapitishia, na hakumwomba mtu cha kutafuna.

Mwaka uliofuata Korongo akarudi kutoka ng'ambo.

"Nimemwona Mheshimiwa," akasema. "Amekonda, koti linamtembea lenyewe. Anasema niwaambie yuko vizuri sana, kazi nzuri, makazi mazuri, na atakuja mwakani."

"Alhamdulillahi," akasema Pimbi.

"Anasema pia, kama mnaweza, mmtumie nyama kavu kidogo. Ya kule haina ladha ya nyumbani."

Pimbi akaingia ndani. Akatoka na kifurushi kidogo kilichonukia vizuri, akamfungia Korongo mguuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mpelekee," akasema. "Na usikifungue njiani."

Hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba msafiri wa nchi ya mbali ajiandae mapema, awasikilize waliotangulia, wala asikatae mizigo ya watu. Fisi alifanya yote matatu, na mpaka leo hajarudi.

Uongo nilikuja nao, sasa naondoka.

— Nenda salama!

Kuna mwenye mzigo?

— Beba wako!