Bibi Nasikitu na Mtungi wa Bi Harusi

Paukwa!
—Pakawa!
Hiyo pakawa ya waliolala. Paukwa!
—Pakawa!

Haya. Kale hiyo, kale ya moshi kulala kijijini kama mgeni asiyeaga, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Hapo aliishi Bibi Nasikitu. Ukimwamkia, haitikii. Ngoma ikilia, anaziba masikio, anakimbia. Lakini mitungi aliigonga kutwa kwa ukucha. Ti! Ti! Ti! Anaweka sikio, anatabasamu peke yake.

"Kiziwi, tena zuzu," watu wakasema. Wakampa kazi ya kufukuza kuku.

Basi binti mmoja wa hapo, Zuhuru, akachumbiwa kijiji cha pili. Ada ilikuwa hivi: bi harusi huenda na mtungi wake, akaujaza maji kwa mama mkwe. Sakafu ikikutwa imelowa asubuhi, mtungi hurudi kwao, na mwenyewe hurudi nao.

Mama yake akafinyanga mtungi mkubwa, mwekundu, laini kama shavu la mtoto. Watu wakaja kuusifu. Bibi Nasikitu akapenya katikati yao. Ti! Ti! Do.

"Umekufa," akasema.

"Kufa wewe!" mama akafoka. "Unamtilia mwanangu nuksi? Kiziwi anasikia nini?"

Bibi akaokota mkaa, akachora mstari tumboni mwa mtungi, akarudi kwa kuku wake.

Zuhuru akagonga, akatega sikio. Kwake ilikuwa ti tu. Lakini ndoa yake imo mle ndani.

"Mama, tuujaze hapa hapa."

"Huniamini?"

"Nakuamini, mama. Tuujaze."

Wakaujaza. Wakangoja. Kivuli cha nyumba kikasogea, kikajinyoosha, kikalala. Mtungi kimya. Wanawake wakaanza kucheka. Ndipo mstari wa mkaa ukatokwa na chozi. Tone. Tone. Tone. Kisha pwaa! Ukapasuka palepale penye mstari, maji yakawalowesha wachekaji miguu.



Zuhuru akamfuata bibi. Hakumwamkia. "Nichagulie," akasema.

Bibi akapita kati ya mitungi, polepole, kama anayetembea ndotoni. Ti. Ti. Ti. Akasimama kwenye mmoja mbaya wa sura, shingo upande, wa kuwekea pumba za kuku.

"Huu unaimba."

Mama mkwe alipouona alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi akapapasa sakafu. Kavu. Akapapasa tena. Kavu. Akaacha kucheka.

Toka hapo hakuna mtungi uliotoka kijijini bila ukucha wa Bibi Nasikitu. Na ngoma zikahamishiwa ng'ambo ya mto, masikio yale yapumzike.

Msidhani alipona. Hakuwa mgonjwa. Mpaka anazikwa hakuitikia salamu ya mtu. Alisikia kuliko wote, nao wakamwita kiziwi kwa kuwa hakuwajibu! Basi nanyi, mkimwona mtu hafanani nanyi, msimkabidhi kuku kabla ya kumuuliza anasikia nini.

Hadithi yangu nimeifunika kawa hapo. Wewe unayesinzia, nenda kalale.