Waya wa Tusekile

“Waya ukikatika, usifumbe kinywa.” Leo mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi aliyekosea kipimo cha dirisha akataka kulificha kosa kwa rangi, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni niwaeleze. Methali hii ilianzia hapahapa kwetu Rungwe, katika kikundi cha matarumbeta cha kanisani, na ilianza hivi.

Palikuwa na binti wa miaka kumi na sita, Tusekile, mpuliza tarumbeta. Meno yake ya juu yalikuwa yamechomoza, na daktari wa meno kule Mbeya akamfunga vyuma vya kuyanyoosha: vipande vidogo vilivyogandishwa juu ya kila jino, na waya mwembamba ukiviunganisha. Aliporudi mazoezini, sauti iliyotoka kwenye tarumbeta ilikuwa kama ya bata.

“Binti, vyuma viwili havikai kinywa kimoja,” akasema Gwakisa, mpulizaji mzoefu, baba wa watoto wawili. “Pumzika mpaka vitolewe.”

Tusekile hakupumzika. Kila jioni alikwenda nyuma ya banda la ng’ombe akaanza upya kama asiyewahi kushika tarumbeta. Midomo ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena. Baada ya miezi minne sauti ilirudi, na ilirudi nzuri kuliko mwanzo. Mwalimu Angolile, kiongozi wa kikundi, akampa sehemu ambayo miaka yote ilikuwa ya Gwakisa: kuongoza wimbo wa alfajiri ya Pasaka makaburini, pale ukoo mzima unaposimama kando ya wazee wake waliolala.

Jumatano kabla ya Pasaka alikula hindi la kuchoma. Daktari alikuwa amemkataza vitu vigumu, lakini hindi lilinukia, naye alikuwa na njaa. Akasikia kitu kikikatika kinywani. Ncha ya waya ilikuwa imechomoka na kugeukia shavuni.

Hakumwambia mtu. Aliwaza jinsi Gwakisa atakavyotikisa kichwa, na jinsi tarumbeta itakavyorudi mikononi mwake. Akajaribu kuusukuma waya kwa kidole, ukazidi kuchoma. Mama yake alipomwuliza mbona hali, akajibu kwa midomo iliyofumbwa kwamba ameshiba. Siku mbili alikunywa uji wa vuguvugu tu.

Ijumaa wakafanya mazoezi. Alipuliza wimbo wote bila kukosea, huku kinywa kikijaa ladha ya damu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Angolile akasema, “Hivyo hivyo Jumapili.”

Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Lakini Tusekile aliposhusha tarumbeta, alijua kwamba shavu lile halitamfikisha Jumapili. Likimshinda katikati ya wimbo, watakaonyamaza si yeye peke yake, ni kikundi chote, mbele ya makaburi. Akatoka kwenye mstari, akasimama mbele yao.

“Mwalimu, waya wa meno yangu umekatika tangu Jumatano. Nilikula nilichokatazwa, nikaficha.”

Akakifumbua kinywa wazi, wote wakaona. Gwakisa aliinamisha macho.

“Kwa nini hukusema?” Mwalimu akauliza.

“Niliogopa utanipokonya tarumbeta.”

“Na sasa huogopi?”

“Naogopa. Ila naogopa zaidi kuwaangusha.”

Mwalimu Angolile alimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Tabibu wa meno pale, Mama Subilaga, alimpigia simu daktari wa Mbeya, akafuata maelekezo: akaikata ncha iliyokuwa ikichoma, akaifunika iliyobaki kwa nta laini. Waya mpya ungewekwa wiki ijayo. “Na tarumbeta, mwanangu, usiiguse kabla kidonda hakijapona,” akasema.

Tusekile alilia njiani, kimya kimya. Lakini Jumamosi asubuhi alikwenda nyumbani kwa Gwakisa, akabisha hodi, akamkabidhi karatasi ya wimbo. Ile sehemu ya mwisho, ambayo Mwalimu alikuwa ameitunga upya kwa ajili ya binti huyu, akamwimbia tena na tena mpaka jua likawa utosini.

Alfajiri ya Pasaka watu walijaa makaburini, umande ukilowesha viatu. Tusekile alikuwa amepewa ngoma. Kabla ya wimbo kuanza, Gwakisa, mtu ambaye katika miaka kumi na mitano hakuwahi kukiri kosa hata moja, aliacha nafasi yake, akamjia mbele ya macho ya watu wote.

“Binti yangu, ile sehemu ya mwisho imenitoka. Nisaidie.”

Tusekile akamwimbia taratibu sikioni. Gwakisa akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake, akapuliza. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho bila kuyumba, na wazee wengine walifuta machozi.

Walipokuwa wakirudi, mtu mmoja akamtania Gwakisa kwamba mkongwe mzima anafundishwa na mtoto hadharani. Gwakisa hakukasirika.

“Nimejifunza kwake,” akasema. “Angenyamaza, tungeaibika Jumapili. Nami ningenyamaza, tungeaibika vilevile. Waya ukikatika, usifumbe kinywa.”