Meno ya Aikande na Pande la Ndafu

Sogeeni. Asiyependa ubishi aondoke mapema, maana kisa hiki kinakera.

Daktari Mfinanga wa meno alikuwa na mkono mwepesi. Ndeshi alikuwa na ulimi usiochoka. Mumewe, Anaeli, alikuwa na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Wote watatu walimhangaikia mtu mmoja: Aikande, dada yake Anaeli, aliyekulia chini ya Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi huyatia meno ya watoto mabaka ya kahawia. Hakuwahi kucheka bila kiganja mdomoni. Sasa anaolewa, na alitaka kitu kimoja tu: siku hiyo acheke mikono ikiwa chini.

Daktari akayakwangua mabaka taratibu, akayapaka dawa. Meno yakang'aa, lakini nusu ya safari. "Iliyobaki mtamalizia nyumbani," akasema, akampa Aikande jeli ya kung'arisha na kifuniko cha plastiki cha kuvaa menoni, kilichopimwa kwa meno yake. Bila daktari, kazi isingeanza.

Nyumbani ganzi ya meno ikamshika; hata upepo uliuma. Aikande akakitupa kifuniko kwenye nguo chafu. Ndeshi akakiokota, akakiosha, akapunguza jeli kama daktari alivyoelekeza.

"Wifi, fungua mdomo."

"Sitaki! Vaa wewe!"

"Mimi nimeshaolewa na meno yangu haya haya. Fungua!"

Kila jioni ugomvi, na kila jioni Ndeshi alishinda. Bila yeye, kazi isingeisha.

Daktari alikataza chai ya rangi, maana huyatia meno madoa, na Aikande akiiona chai hajizuii. Basi Anaeli, mnywaji hodari wa chai, akaifuta chai nyumbani kabisa. Hata wakwe wa dada yake walipokuja, aliwapa maziwa ya moto.

"Nyumba gani hii isiyo na majani ya chai?" mshenga akafoka.

"Nyumba yenye bibi harusi."

Nusura posa ivunjike. Lakini bila Anaeli, weupe usingedumu.

Harusi ikafika. Ndafu, yule mbuzi aliyechomwa mzima, akaletwa ukumbini. Kwao, bibi harusi akishamlisha mumewe, humlisha pande la nyama la heshima mtu mmoja aliyemfaa kuliko wote. Aikande akasimama, pande mkono wa kulia, na wa kushoto, mazoea mabaya haya, umeziba mdomo!

"Wifi! Taabu yote ile, halafu unaficha?"

"Anaifunika kazi yangu," daktari akanung'unika.

"Yako? Nani aliacha chai?" Anaeli akadakia.

"Uliacha chai, mimi niliacha raha!" mkewe akamrukia.

Damu ikamchemka Aikande. Tangu utotoni watu wanayajadili meno yake kama mahindi sokoni, na leo tena? Akashusha kiganja.

"Nyamazeni! Meno ni yangu!"

Meno yote nje, meupe kama yale maziwa ya wakwe. Mshenga akaangua kicheko, na Aikande naye akacheka, akacheka, mkono wa kushoto ukining'inia tu.

Watatu wale wakaachama vinywa kama vifaranga. Nyama inapoa. Na mkono wenye pande ukaanza kurudi polepole kwenye mdomo wake mwenyewe.

Je, wewe ungemlisha nani? Na usiniambie pande ligawanywe. Hiyo si hukumu, huo ni woga.