Kamba Katikati ya Alizeti

Mtu mmoja, jina lake Ntandu, alikuwa na shamba la alizeti, kinu cha kukamulia kwa mkono, na mke aliyempenda kuliko vyote viwili. Mke huyo, Elineema, alikuwa na kuku. Alizeti ikishavunwa waliikamua pamoja. Mafuta yalikuwa ya Ntandu, akiyabeba kwa madumu hadi mnadani. Mashudu, yale makapi yanayobaki kinuni, yalikuwa ya Elineema, akiyatwanga na kuwalisha kuku wake. Mwenye kuku hakubeba madumu, wala mwenye mafuta hakutwanga mashudu, na juu ya hilo hawakugombana hata siku moja.

Lakini kabla ya kinu kulikuwa na jembe. Miaka kumi na mmoja walipalilia bega kwa bega, Elineema akiimba, Ntandu akiharibu kiitikio kwa makusudi ili tu amwone akigeuka kumkodolea macho. Aliyemaliza mstari wake alirudi kumpokea mwenzake. Hakuna aliyehesabu. Na ungemuuliza Ntandu ni siku zipi za mwaka anazozipenda zaidi, angekuambia ni hizo za palizi.

Mwaka wa kumi na mbili mtu fulani mnadani akamtania: "Kumbe siku hizi wewe ni kibarua wa kuku?" Watu wakacheka, naye akacheka, ila neno lile alirudi nalo nyumbani. Akamwambia mkewe kwamba gunia likikamuliwa, mashudu huyazidi mafuta mara tatu kwa uzito. Basi siku tatu kati ya nne za palizi ni za mwenye mashudu. Elineema si mtu wa kuonewa. Akajibu kwamba mnadani fedha ya mafuta huizidi ya mashudu mara tatu. Basi siku tatu kati ya nne ni za mwenye mafuta. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi, na kila moja ilimtupia mwenzake jembe.

Mwisho wake, Ntandu akaleta kamba. Wakaipitisha katikati ya shamba, kutoka kichuguuni hadi barabarani. Mashariki ya kamba, alizeti ya mafuta. Magharibi yake, alizeti ya mashudu. Msicheke. Walikuwa watu wenye akili timamu, wamechoka kubishana.

Kila mmoja akapalilia upande wake. Wiki ya pili Ntandu akashikwa na mgongo, na majani yakaota mpaka yakaipita alizeti. Elineema alipomaliza upande wake alisimama kwenye kamba, akayatazama yale majani, akamtazama na mumewe aliyejikunja, kisha akaweka jembe begani akaenda zake. Ntandu alimwona. Hakumlaumu, maana kamba aliileta mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ya mgongo ni kwamba msimu mzima hakuna aliyeimba, na yeye kiitikio alikuwa nacho, hana pa kukiharibia.

Wakavuna. Upande wa mashudu ukatoa magunia sita. Upande wa mafuta ukatoa gunia moja na nusu, vichwa vyenyewe vidogo kama vifungo vya koti. Wakaanza kukamua ya Elineema. Ntandu akazungusha kinu, na kutoka kwenye alizeti ya mashudu yakatoka mafuta, mengi, ya manjano, yakajaza ndoo. Wakabaki wanaitazama ile ndoo. Kwa mapatano yao mafuta yalikuwa ya Ntandu, lakini pale yalipotoka yeye hakupiga jembe hata mara moja. Mkono ukamgomea kuichukua.

Elineema akaokota punje moja, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Baba Tumsifu, nionyeshe humu mafuta yanaishia wapi na mashudu yanaanzia wapi, tukaifunge kamba yako hapo."

Ntandu akaipasua ile punje kwa ukucha. Akaiinamia muda mrefu, mtu mzima na ndevu zake, kana kwamba kweli angeuona mpaka. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. Akaenda shambani akaikunja ile kamba; siku hizi inafunga mlango wa banda la kuku. Mvua zilizofuata, majembe mawili yakaanzia mstari mmoja, na kiitikio kikaharibiwa vibaya kuliko miaka yote.

Nanyi mnaolala nyumba moja, mnaojua kwa hakika ni jasho la nani lililomsomesha mtoto na la nani lililomlea tu: ninyi kamba yenu mmeifunga kwenye punje ipi?